Vitunguu vya Nyapara

Tres Pozos, Texas
12 Septemba

Kwako Tatum Hollis,

Salamu. Mimi ni Nélida Arredondo, niko darasa la kumi na moja. Jina lako nimepewa na mwalimu wetu, Bi. Sauceda. Aliyagawa majina yenu ninyi wanafunzi wa Lakeridge kama mtu anayegawa paka wachanga, akatuambia kila mmoja amtunze wa kwake. Barua zitasafiri na gari la maziwa, maana ndilo gari pekee linalopita shule zote mbili. Kwa hiyo ikinuka maziwa, siyo mimi.

Sijui niandike nini. Mdomo wangu ni mzito. Mwalimu akiniuliza swali, namjibu kwa sauti ambayo hata kola ya shati langu haiisikii. Kwenye karatasi afadhali, hakuna anayenitazama.

Bi. Sauceda anasema tuandike ndoto zetu. Haya: nataka kuwa mfamasia. Mwalimu wa kemia alituhama, na tangu hapo somo linafundishwa kwa mtandao tu, na mtandao hatuna. Kompyuta ya maktaba ni moja, inasubiriwa kama kiti cha kinyozi siku ya Jumamosi. Bila kemia chuo hawatanipokea, na nimebakiza mwaka huu na ujao. Hiyo ndiyo ndoto. Wewe je?

Wako,
Nélida Arredondo


Lakeridge
20 Septemba

Nelly!!

Naweza kukuita Nelly, eeh? Hilo jingine linanivunja ulimi.

Jamani, barua yako imenichekesha! Nimemsomea mama ile ya kola. Nikwambie ukweli, sisi huku kila barua inahesabiwa saa za kujitolea, na nikimaliza saa zangu naingia kwenye orodha ya heshima. Lakini usinifikirie vibaya, wewe ningekuandikia hata bure.

Ndoto yangu ni timu ya roboti. Tungefika fainali za taifa, ila kompyuta zetu ni za kizamani, ukiziwasha unaweza kwenda kula ukarudi. Mama yangu yuko kwenye bodi ya shule za wilaya, na kila mwaka analia kilio kilekile: jimbo linatoa ruzuku ya teknolojia kwa wilaya maskini, yaani kompyuta mpya kwa mamia, lakini lazima watoto saba kati ya kumi wawe wa chakula cha bure shuleni. Sisi tunakosa. Tunakosa kidogo tu! Mama haelewi, maana ninyi wa Tres Pozos mko wilaya hii hii yetu, tena mko wengi kuliko sisi, na, samahani, kila mtu anaijua hali yenu. Kwani pesa mmezificha wapi huko? Natania!

Niandikie haraka.
Tatum


Tres Pozos
28 Septemba

Mpendwa Tatum,

Umeuliza kwa utani, lakini mimi jibu ninalo.

Siku ya fomu za kuomba chakula cha bure shuleni majirani huja kwetu, kwa sababu Kiingereza cha mtaa mzima ni mimi. Fomu inauliza: unalipwa kiasi gani, na mara ngapi? Baba yangu, Eliseo, aliandika malipo ya wiki ya matikiti. Hiyo ni ile wiki ya mwezi wa sita, wanapopakia matikiti maji kwenye malori mpaka mikono inatetemeka hata kushika kikombe. Halafu akatia alama kwenye “kila wiki”.

“Baba, hiyo ni wiki moja kwa mwaka mzima.”

“Nililipwa, sikulipwa?”

“Ulilipwa.”

“Basi uongo uko wapi?”

Don Fidencio, jirani yetu mwenye jino la dhahabu, akaangua kicheko. “Mwache baba yako, we mtoto! Jogoo ukimuuliza uzito wake, akutajie wa siku aliyoshiba mahindi au wa siku aliyonyeshewa?” Kisha naye akaandika wiki ambayo, nijuavyo mimi, ilitokea kabla sijazaliwa.

Ndivyo walivyo wanaume wa huku. Wiki mbaya hawaiandiki. Kwao, kuiandika ni kukubali kwamba wiki hiyo ndiyo wao. Kwa hiyo kwenye makaratasi Tres Pozos ni mji wa matajiri, na chakula cha shule tunakilipia, au tunabeba tortilla, chapati zetu za mahindi, zenye maharage kutoka nyumbani.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu? Aprili mvua haikukatika, na banda la kupakia vitunguu likafungwa. Lakini kila jioni baba alirudi na mfuko wa vitunguu. “Zawadi ya nyapara,” akasema. “Anasema mpakiaji kama mimi hajampata.” Tulikula vitunguu vya kukaanga, vya kuchemsha, vya kuchoma. Siku moja maji yalifunga barabara, basi la shule likazungukia nyuma ya banda, nikamwona kupitia dirishani. Alikuwa amepiga magoti kwenye lundo la vilivyooza, anavibonyeza kimoja kimoja. Niliinama kama nafunga kamba ya kiatu. Jioni mama akamwambia, “Mpe nyapara shukrani zangu.” Baba akajibu, “Nitampa.”

Tafadhali hii ibaki kwako.

Nélida


Lakeridge
6 Oktoba

Mpendwa Nélida,

Mimi ni mama yake Tatum. Ameniambia kuhusu “wiki ya matikiti”. Nilicheka, kisha, sioni aibu kusema, nilitokwa na machozi. Watu wenu wana heshima ya ajabu.

Lakini heshima hiyo inawanyima watoto haki yao. Fomu mpya zinapokelewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Ofisi ya wilaya ikiwatuma watu wake, watafungiwa milango, wewe utafunguliwa. Ungepita nyumba kwa nyumba, ukaketi nao, ukawaeleza kwa lugha yao kwamba waandike hali ilivyo kweli, siyo wiki moja nzuri? Sikuombi uongo. Nakuomba ukweli.

Majibu ni siri ya ofisi, hakuna atakayeyaona. Na ninakuahidi mimi mwenyewe: tukipata ruzuku hii, kemia yako itakuwa mezani kwako kabla ya Pasaka.

Kwa shukrani nyingi,
Darlene Hollis
Mjumbe wa Bodi ya Shule


Tres Pozos
2 Novemba

Mpendwa Tatum,

Mwambie mama yako kazi imekwisha.

Nyumba za kwanza nilibisha hodi nikiomba wasiwepo. Bi. Ofelia alinikaribisha, akanipa chokoleti ya moto, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo wamekutuma uje kutuhesabia mashimo ya suruali.” Mwanawe alinifukuza. Mwingine akaniuliza nalipwa kiasi gani kwa kila maskini.

Niliona hakuna atakayeanza mpaka aanze mtu anayeheshimiwa. Kwenye banda wanamsikiliza baba. Nikamwekea fomu mezani baada ya kula.

“Baba, safari hii andika Aprili.”

Alinitazama. “Nani kakuambia habari za Aprili?”

“Hakuna. Si mvua ilinyesha?”

Mama akaacha kuosha vyombo. Nikamweleza habari za kompyuta, kemia, chuo. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu nizaliwe. Aliishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika sifuri, kubwa, katikati ya kisanduku. “Haya. Chukua kemia yako,” akasema, akatoka nje kwenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Kesho yake Don Fidencio alikuja mwenyewe. “Kama Eliseo kaandika Aprili, mimi nani hata nijidai na Juni?” Wengine wakafuata. Hata Bi. Ofelia.

Najisikia kama niliyemvua baba shati hadharani. Lakini mama yako amesema hakuna atakayeona.

Nélida


Lakeridge
15 Desemba

NELLY! TUMEPATA!

Ruzuku yote! Mama alipiga kelele mpaka mbwa akajificha. Anasema ni wewe, peke yako, msichana mmoja asiyesikika. Tarehe kumi na saba Januari kuna sherehe kwenye ukumbi wetu, watu wa jimbo watakuja, na mabasi yatawaleta wazazi wenu. Mwambie baba yako asikose! Na wewe utapanda jukwaani na mama umtafsirie hotuba, ili watu wenu waelewe kila kitu. Usiogope, nitakuwa nimekaa mbele, utanitazama mimi.

Vaa rangi ya samawati, inapendeza kwenye picha.

Busu,
Tatum


Tres Pozos
20 Januari

Tatum,

Nilikutazama wewe, kama ulivyoniambia. Ulikuwa unatabasamu.

Mama yako alipofika pale pa “baba mmoja wa Tres Pozos”, nilidhani atasema habari za fomu. Akasema alivyopiga magoti kwenye jalala. Akasema vitunguu. Akasema “zawadi ya nyapara”, halafu akanigeukia, akanisubiri nitafsiri.

Baba alikuwa safu ya pili, amevaa shati lililonunuliwa kwa arusi ya shangazi. Kiingereza hakijui. Alikuwa bado anapiga makofi kidogo, kwa adabu, kwa sababu wengine wa mbele walikuwa wanafuta machozi.

Nilisogea kwenye kipaza sauti. Nyuma Don Fidencio akapaza sauti, “Sema, binti, tunasikiliza! Amesemaje huyo mama?”

Ningeweza kusema lolote. Mama yako asingejua. Ningesema habari za mvua, za kompyuta, za Mungu. Lakini nikishikwa na woga akili yangu hufanya kile ilichoagizwa tu. Nikatafsiri. Neno kwa neno, kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sauti yangu ilifika mpaka mlangoni. Mama yangu ndiye aliyegeuka kwanza kumtazama baba. Baadaye wote.

Ni wewe peke yako niliyekuambia.

N.


Lakeridge
27 Januari

Nelly,

Sikulala vizuri baada ya barua yako, ujue tu.

Lakini hebu tuwe wakweli: mama HAKUTAJA JINA. Angekuwa baba wa mtu yeyote. Na watu walilia, Nelly! Yule bwana wa jimbo alisema hajawahi kusikia hotuba iliyomgusa vile. Kama ni baba yangu aliyefanya jambo kama lile kwa ajili yangu, ningejivuna.

Nafikiri aibu mnajitafutia wenyewe. Nasema kwa upendo.

Tatum


Tres Pozos
10 Machi

Mpendwa Tatum,

Nimejizuia kukuandikia, lakini nina swali na sina mwingine wa kumuuliza. Kompyuta zinakuja lini? Bi. Sauceda amekwisha kukipaka chumba chokaa, na mafundi wa umeme walipita, wakapima, wakaondoka. Usajili wa kemia unafungwa wiki ya Pasaka.

Baba ni mzima. Sasa anakula nje, amekaa nyuma ya gari lake. Anasema ndani kuna joto. Kazini walimning'inizia kitunguu kwenye kioo cha gari. Kila asubuhi mtu anampigia kelele, “Eliseo! Nyapara anakusalimu!” Yeye hucheka. Don Fidencio anasema hucheka kuliko wote, mpaka wale waliomtania wanaacha mapema kwa kuona haya. Na mimi hanikasirikii. Akinipita ananiita “binti” kama anavyomwita mtoto wa jirani.

Nikipata kompyuta nitamwonyesha somo la kwanza, aone sifuri yake ilinunua nini.

Nélida


Lakeridge
22 Machi

Nelly mpenzi,

Hii ni barua yangu ya mwisho kwa kalamu, mkono umeniuma kwa mwaka mzima! Zimekuja! Nyembamba kama sahani, kila mtu yake, na chumba cha roboti kina mashine mbili ambazo hata chuo kikuu hawana. Tumeshinda mashindano ya kanda wiki iliyopita. Tunaenda fainali!

Sasa, mama ameniomba nikueleze taratibu. Masharti ya ruzuku yanataka kompyuta ziwekwe kwenye mtandao wa uhakika, la sivyo zinahesabiwa kuwa zimepotea. Mafundi walipima huko kwenu, hakuna waya unaofika. Kwa hiyo bodi imepiga kura zianzie zinapoweza kutumika, yaani huku. Zenu zitakuja waya ukifika, labda mwaka kesho, labda unaofuata. Mama alisikitika sana, amepiga kura huku anasikitika.

Lakini msivunjike moyo! Mtapewa zile zetu za zamani. Yangu nimeiwekea alama ya nyota uichukue wewe. Betri haikai, na usifunge kifuniko kwa nguvu.

Saa zangu zimekamilika na jina langu liko kwenye orodha ya heshima. Ulikuwa rafiki bora wa kalamu katika darasa zima. Tuendelee kuwasiliana kwa mtandao siku mkiupata.

Busu nyingi,
Tatum


Lakeridge
18 Agosti

Mpendwa Nélida,

Najua hukunijibu. Nilidhani barua imepotea kwenye gari la maziwa, haha.

Habari za likizo? Sisi fainali tulishika nafasi ya nne, na mwaka huu, wa mwisho kwangu, kila mtu anasema kombe ni letu. Kuna kikwazo kidogo tu. Kumbe ruzuku ni ya awamu mbili, na awamu ya pili ndiyo inayolipia leseni na mtandao. Tusipostahili tena mwaka huu, jimbo linazichukua kompyuta zote na mashine za roboti, linapeleka wilaya nyingine. Zote, Nélida.

Mama anasema fomu za chakula ni mpya kila mwaka. Angekuandikia mwenyewe ila anaogopa utadhani anakushurutisha. Ungepita tena? Wakumbushe tu waandike wiki mbaya, kama mwaka jana. Baba yako akianza, wengine watafuata, si ndivyo ulivyosema?

Nimejifunza kuliandika jina lako vizuri, umeona?

Tafadhali.
Tatum


Tres Pozos
12 Septemba

Kwako Tatum Hollis,

Salamu. Barua yako ilifika, na gari la maziwa halijawahi kupoteza kitu.

Yale makompyuta yenu ya zamani tulipokea. Bi. Sauceda anayatumia kuzuia madirisha yasibamizwe na upepo. Lako lenye nyota liko dirisha la kaskazini, linafanya kazi vizuri. Kemia sikuisoma. Mwaka huu ni wa mwisho kwangu pia, na chuo kimenijibu kwa adabu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kama mlivyoomba. Sikuruka hata moja. Niliketi, nikasoma kila swali, nikalitafsiri sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Mama yako alisema hataki uongo, na mimi sikumshauri mtu uongo. Waliniuliza waandike wiki gani. Nikawaambia: fomu ni yenu, kalamu ni yenu.

Walikuja kwetu kuona Eliseo ameandika nini. Baba aliingia ndani, akaketi mezani kwa mara ya kwanza tangu Januari. Akavuta fomu.

“Hapa wanauliza nini?”

“Unalipwa kiasi gani.”

“Na hapa?”

“Mara ngapi.”

Akaandika wiki ya matikiti. Ya mwaka huu ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka jana. Akaniangalia.

“Kila wiki?”

“Kila wiki, baba,” nikasema, nikamwonyesha kisanduku cha kutia alama.

“Mwaka huu nimeongezwa mshahara!” Don Fidencio akapiga kelele, akiichukua kalamu kabla haijapoa. Bi. Ofelia, ambaye hajawahi kukanyaga shamba la matikiti, akaandika wiki ya matikiti. Walicheka mpaka mama akawafungia dirisha. Sikumbuki lini mara ya mwisho nyumba yetu ilikuwa na kelele hivyo.

Sisi gharama yake tunaijua. Mdogo wangu Anselmo alikuwa amezoea maziwa ya bure ya shule, yale ya chokoleti, na sasa anabeba tortilla na maji. Mama anaamka mapema zaidi kupika. Baba amechukua zamu ya Jumapili. Lakini anakula ndani, na jana aliniita kwa jina langu.

Fomu ziliondoka juzi. Mtajulishwa.

Dereva wa gari la maziwa atakukabidhi mfuko pamoja na barua hii. Ni vitunguu vya mwisho vya msimu, tulivyovitundika jikoni. Vimeanza kuchipua, lakini ukivibonyeza kimoja kimoja utapata vilivyo vizima. Mpe na mama yako.

Akiuliza vimetoka wapi, mwambie ni zawadi ya nyapara.

Nélida Arredondo